Punje unayopoteza ni nzito kuliko punje unayoshinda

KIAMBI. Tulikuja hapa juu ya habari ya barabara na bei ya mawe. Lakini jioni ya kwanza, jua likishuka ng'ambo ya Luvua, tuliona jambo ambalo kila familia ya mchimbaji inalijua: bukari imekwisha kuliwa, taa ya sola imewashwa, mkeka umetandikwa, karata zimetoka. Vijana wanacheza poka. Wamejifunza kwenye simu, na wanaicheza kwa feza ya kweli.

Walipojua sisi ni watu wa gazeti, swali lilikuja mbio. «Bayaya, mutuambie. Ile mashindano ya Amerika, yenye batu elfu na elfu, ile mutu mumoja anatoka na mamilioni, banashindaka namna gani? Ni bahati ao ni akili?»

Ni swali zuri, na jibu lake lina hesabu ndani. Wenye kukaa kwenye mkeka wako tayari pale. Afadhali waijue hesabu hiyo, na bamama wanaowangoja nyumbani waijue pia. Basi tuliitikia, kisha Jumapili tukafanya jaribio. Watu 24, mikeka mitatu, watu 8 kwa kila mkeka. Kila mtu alitoa franka 1,000, akapewa punje 60 za mahindi mahali pa jetoni. Jumla ya feza ilikuwa franka 24,000: wa kwanza apate 12,000, wa pili 7,200, wa tatu 4,800. Wengine wote, zero.

Tuliyoyaona jioni ile yatatusaidia kueleza mambo mengine yote.

Mchezo kwa maneno machache

Kwa msomaji asiyeijua poka: kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Kisha zinafunguliwa karata tano katikati, kwanza tatu pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila mmoja anatengeneza mkono wa karata tano zilizo bora kati ya zile saba. Mbele ya kila kufungua, watu wanaweka feza. Ukiona karata zako ni mbaya, unazilaza na kuacha. Ukiona ni nzuri, unafuata ao unapandisha.

Wawili wa kwanza wanalazimishwa kuweka kitu mbele hawajaona karata. Hiyo wanaiita blinde: moja ndogo, moja kubwa. Inazunguka, kila mtu analipa kwa zamu.

Na poka ya «bila mpaka» maana yake ni hii: wakati wowote unaweza kusukuma vyote ulivyo navyo katikati. Vijana wanasema «kufanya tapi». Ukishinda, umezidisha mara mbili. Ukishindwa, unasimama na kwenda zako.

Sasa, kuna namna mbili za kucheza, na watu wengi wanazichanganya. Kuna mkeka wa feza: unakaa na franka zako, unaondoka saa yoyote unayotaka, ukimaliza unatia mkono mfukoni tena. Na kuna mashindano: mnatoa mlango mmoja, mnapewa jetoni sawa, blinde zinapanda kila baada ya muda, na mtu akimaliza jetoni ametoka. Mnaendelea mpaka abaki mmoja.

Mikakati ya namna hizi mbili si sawa hata kidogo. Tutaanza na mashindano, mkeka wa feza tutaurudilia mwishoni.

Kule Las Vegas

Mashindano makubwa kuliko yote yanachezwa Las Vegas, Marekani. Yanaitwa World Series of Poker, na yalianza mwaka 1970. Shindano lake kuu lina mlango wa dola 10,000 kwa mtu mmoja.

Mwaka 2003 mtu mmoja wa hesabu kutoka Tennessee, jina lake Chris Moneymaker, alishinda kati ya wachezaji 839 na kutwaa dola milioni 2 na nusu. Hakulipa zile 10,000. Aliingia kwa kushinda shindano dogo kwenye intaneti, lenye mlango usiofika dola 100. Dunia nzima ilisikia. Mwaka uliofuata walikuja wachezaji 2,576. Mwaka 2006 walikuwa 8,773. Mwaka 2024 walifika 10,112, na Jonathan Tamayo akachukua dola milioni 10.

Hiyo njo sehemu ya habari inayofika kwenye simu zetu. Sehemu nyingine ni hii: katika wale 10,112, waliolipwa kitu chochote walikuwa 1,517. Watu 8,595 walirudi nyumbani na zero. Yaani kati ya wachezaji 100, wapata 85 hawakupata hata franka. Na wengi kati yao si wajinga; wako wanaoishi na kazi hiyo.

Tulipotoa hesabu hiyo pale kwenye mkeka, mzee mmoja wa mashimo alicheka. «Ni kama kuchimba,» alisema. «Shimo yenye kuzaa, batu bote banaisikia. Mashimo mia yenye haikuzaa, nani anaimbaka?»

Usifie kwenye shimo la kwanza

Kosa la kwanza tuliloliona Jumapili lilikuja mapema, hata dakika kumi hazijatimia. Kijana mmoja alipata rwa mbili, mkono mzuri sana. Akafanya tapi papo hapo, punje zote 60. Akafuatwa na mtu mwenye asi na dame. Asi ikaanguka katikati. Kijana akasimama, hasira juu. «Nilikuwa mbele!» alisema. Ni kweli, alikuwa mbele: rwa mbili zinashinda asi na dame wapata mara 70 kwa 100.

Lakini tufanye hesabu moja. Tuseme kila mara unapofanya tapi, wewe uko mbele sana: unashinda mara 80 kwa 100. Ni vizuri, sivyo? Sasa tuseme ili ufike kwenye malipo unahitaji kufanya hivyo mara tano. Zidisha 80 kwa 100 mara tano. Unapata 33 kwa 100 tu. Mara mbili kati ya tatu unakuwa umekwisha kutoka, hata kama kila mara ulikuwa na karata bora.

Wachimbaji waliielewa hii mara moja. Ukiingia ndani ya shimo lisilo na miti ya kushikilia udongo, leo utatoka salama, kesho pia. Hatari ya siku moja ni ndogo. Lakini unaingia kila siku.

Kwa hiyo mwenye akili, mwanzoni mwa mashindano makubwa, anacheza mikono michache, anashinda kidogo kidogo, na hatari ya kutoka kabisa anaiweka kando mpaka iwe na faida ya kweli. Wakati blinde ni ndogo, hakuna sababu ya kutia punje 60 ili upate punje 3 zilizo katikati. Pandisha kwa 6 ao 7. Ukifuatwa na karata zikikugeukia, laza. Umepoteza 7, bado una 53, bado uko hai.

Inasimuliwa kule Las Vegas kwamba mwaka 1982 Jack Straus alidhani amemaliza jetoni zake zote, akataka kusimama, akakuta imebaki moja mezani ambayo hakuiona. Akaendelea na hiyo moja. Akashinda shindano lote. Hatusemi jambo hilo litakupata wewe. Tunasema mwenye jetoni moja bado ana kiti.

Lakini mngojaji naye anakufa

Pale pale kwenye mkeka wa pili alikuwapo mtu wa tabia nyingine kabisa. Alikuwa analaza, analaza, analaza. Tukamuuliza anangoja nini. «Asi mbili,» alijibu, ametulia kabisa.

Asi mbili zinakuja wapata mara moja kwa kila mikono 221. Kwenye mkeka wa watu 8, mzunguko mmoja wa blinde ni mikono 8. Basi mikono 221 ni mizunguko 27 na zaidi. Naye ana punje 60, na blinde ni 1 na 2: kila mzunguko unamkula punje 3. Punje zake zinatosha mizunguko 20. Ataisha mbele asi hazijafika, hata kama blinde hazipandi.

Na zinapanda! Sisi tulizipandisha kila nusu saa. Angalieni:

Blinde 1 na 2: mzunguko ni punje 3. Mwenye punje 60 ana mizunguko 20.

Blinde 2 na 4: mzunguko ni 6. Mwenye 60 ana mizunguko 10.

Blinde 4 na 8: mzunguko ni 12. Mwenye 60 ana mizunguko 5.

Huyu mtu hakupoteza mkono hata mmoja mkubwa. Lakini alianza tajiri na sasa ni maskini.

Bamama waliokuwa wameketi pembeni njo waliolielewa hili kuliko wote. Kambi inakula kila siku. Unga, mafuta, sabuni, deni la duka, vyote vinadai hata siku ambayo hakuna mawe yaliyotoka. Mwenye kukaa na kungoja shimo la ajabu, huku akila akiba, hasimami mahali pamoja, anashuka.

Hesabu hii ya kugawa jetoni zako kwa gharama ya mzunguko mmoja, wachezaji wakubwa wanaiita M, herufi ya kwanza ya jina la Paul Magriel. Aliyeieneza ni Dan Harrington, bingwa wa mwaka 1995, katika vitabu vyake. Huyu alifika meza ya mwisho mwaka 2003 akawa wa tatu, akarudi mwaka 2004 akawa wa nne, kati ya maelfu ya watu. Sheria yake ni nyepesi kuikumbuka kwa rangi:

Ukiwa na mizunguko zaidi ya 20, uko kwenye kijani: cheza unavyotaka, una nafasi ya kungoja na ya kujaribu.

Kati ya 10 na 20, manjano: acha kufuata-fuata na karata ndogo, kila punje ina kazi.

Kati ya 6 na 10, rangi ya chungwa: ukiingia mkononi, uingie wa kwanza na kwa nguvu.

Chini ya 6, nyekundu: umebaki na neno moja tu, tapi ao kulaza. Usipandishe kidogo, usifuate «kuona kwanza».

Sukuma wa kwanza, usifuate

Mtu akiwa nyekundu, atafanya tapi na karata gani? Hapa wengi wanakosea, juu wanadhani karata za kusukuma na karata za kufuata ni zilezile.

Ukisukuma wa kwanza, una njia mbili za kushinda. Ya kwanza: wote wanalaza, unachukua blinde bila kuonyesha kitu. Ya pili: mtu anafuata, lakini karata zako zinashinda. Ukifuata tapi ya mwingine, umebaki na njia moja tu: lazima karata zako zishinde. Basi kufuata kunadai mkono wenye nguvu kuliko kusukuma. Asi moja na karata ya wastani, ukiwa nyekundu na hakuna aliyeingia mbele yako, ni ya kusukuma. Asi hiyohiyo, mtu mwingine akisukuma kwanza, mara nyingi ni ya kulaza.

Na mahali ulipoketi pana uzito. Mwenye kusema wa mwisho ameona wengine wote wamefanya nini; mwenye kusema wa kwanza anatembea usiku bila taa. Karata zilezile, vale na kumi kwa mfano, mbele ya watu saba ambao bado hawajasema ni takataka. Ukibaki na watu wawili tu nyuma yako, ni silaha. Mama mmoja ambaye hajawahi kushika karata aliangalia saa nzima, halafu akasema: «Nimeona. Mwenye kuongea nyuma njo mwenye kushinda.» Hakukosea sana.

Neno moja juu ya kudanganya, ile wanaita blafu. Vijana wanaipenda kupita kiasi. Blafu inafanya kazi kwa mtu anayeweza kuogopa. Mwenye punje nyingi sana haogopi, mwenye punje mbili naye haogopi tena. Wa kumtisha ni mtu wa katikati, hasa malipo yakikaribia, kwa sababu huyo ana kitu cha kupoteza. Kumtisha mtu ambaye amekwisha kukata tamaa ni kumgawia mali yako.

Watu watatu, nane mbili, na franka 800 zilizokimbia

Sasa tufike kwenye mkono ambao Kiambi watauongelea siku nyingi.

Saa nne usiku walibaki watu watatu. Punje zote 1,440 zilikuwa zimegawanyika karibu sawa: kila mmoja wapata 480. Malipo tayari yamefika, juu wa tatu anapata 4,800. Mmoja, mtu mzima, akafanya tapi. Wa pili, kijana wa shimo la chini, akaangalia karata zake: nane mbili. Wa tatu alikuwa amelaza, anakula karanga.

Kijana aliwaza kidogo, akasema «ninafuata». Mtu mzima akafungua asi na rwa. Kelele! Nane mbili zilikuwa mbele: mkono huo unashinda wapata mara 55 kwa 100. Karata nne zilifunguliwa bila kitu. Ya tano ikawa rwa. Kijana akatoka wa tatu.

Watu wote walisema: bahati mbaya. Sisi tunauliza: tuseme alijua kwamba mwenzake ana asi na rwa. Je, alipaswa kufuata?

Tufanye hesabu, tukiweka kando punje chache za blinde. Mbele ya mkono ule, wote watatu wako sawa, na feza ni 24,000. Sehemu ya kila mmoja ina thamani ya franka 8,000.

Kijana akishindwa, anapata 4,800. Amepoteza 3,200.

Kijana akishinda, anakuwa na punje 960, na yule mla karanga ana 480. Sasa ana nafasi mbili kwa tatu ya kuchukua 12,000, na nafasi moja kwa tatu ya kuchukua 7,200. Ukijumlisha, sehemu yake inakuwa 10,400. Amepata 2,400.

Mwaona? Punje zake zilizidi mara mbili, lakini feza yake haikuzidi mara mbili. Alihatarisha franka 3,200 ili apate 2,400. Kwa bei hiyo anapaswa kushinda zaidi ya mara 57 kwa 100, naye alikuwa na 55. Alikuwa mbele kwa karata, lakini nyuma kwa feza.

Na ile tofauti ya 3,200 na 2,400, yaani franka 800, ilikwenda wapi? Ilikwenda kwa mla karanga. Sehemu yake ilipanda kutoka 8,000 mpaka 8,800, naye hakugusa karata. Katika mashindano, watu wawili wakipigana, anayeangalia analipwa.

Hii njo siri ya mashindano makubwa, na inafanya kazi vilevile kwa watu 24 na kwa watu 10,112. Juu malipo hayaendi yote kwa mtu mmoja, punje unayopoteza ni nzito kuliko punje unayoshinda. Kadiri malipo yanavyokaribia, uzito huo unazidi. Mwenye punje nyingi anaweza kusukuma wengine, maana wao njo wanaogopa kutoka. Lakini watu wa katikati wasikubali kugongana bure.

Kijana tulimweleza hesabu kwa kijiti, kwenye udongo. Alinyamaza. Halafu akasema: «Bon. Kumbe nilipotezaka mbele karata haiyaanguka.»

Elfu moja na tisini elfu

Usiku ule mke wake alikuwa pale. Tulidhani angekasirika. Hakukasirika. Bwana yake alitoa 1,000, alirudi na 4,800. Kilichomtoa machozi ni kingine, naye alikisema mbele yetu bila kuficha, na wote wawili walitukubalia tukiandike bila majina.

Majuma mawili nyuma, kijana alipokea mgawo wake wa shimo. Jioni akakaa kwenye mkeka wa feza, na franka 20,000. Zikaisha. Akatia mkono mfukoni: 20,000 tena. Kisha 20,000, kisha 30,000. Kila mara aliona kwamba amekaribia kurudisha. Alfajiri alifika nyumbani na mikono mitupu. Zilikuwa franka 90,000, na ndani yake mlikuwa feza ya masomo ya mtoto mkubwa.

«Ile elfu moja nilijua,» mke wake alisema. «Tuliongea, nikasema enda. Ile tisini, hakuna mutu aliniambia.»

Tofauti yote imo katika maneno hayo. Mashindano yana ukuta: ukitoa mlango, hakuna tena cha kutoa. Mkeka wa feza hauna ukuta, isipokuwa ule uliojenga wewe mwenyewe mbele hujaketi. Na mtu aliyekwisha kushindwa usiku wa manane si fundi mzuri wa kujenga kuta.

Kuna jambo lingine juu ya mkeka wa feza. Mahali pengi mwenye mkeka anakata kitu kwa kila mkono: taa, karata, kinywaji. Inaonekana ndogo. Tuseme watu 8, kila mmoja na franka 10,000. Jumla 80,000. Mwenye mkeka anakata franka 500 kwa kila mkono, na kwa saa moja inachezwa mikono 20. Hiyo ni franka 10,000 kwa saa. Baada ya saa nane, zile 80,000 zote zimekwisha kuingia kwake. Hakushika karata hata mara moja. Ndiyo sababu asubuhi wachezaji wote wanaulizana «nani alishinda?» na hakuna anayejibu.

Hata fundi anashindwa

Mtu asije akasema gazeti limemfundisha utajiri. Tulisema: kati ya wachezaji 100, wapata 15 njo wanaolipwa. Fundi anaweza kuzidisha nafasi yake, lakini hata yeye anarudi na zero mara nyingi zaidi kuliko anavyolipwa. Wenye kufanya kazi hiyo kule Ulaya na Marekani wanashauriana kutenga feza ya milango 100 ao zaidi, feza ambayo si ya chakula wala ya nyumba, mbele ya kujiita wachezaji. Kwa mlango wa franka 5,000, hiyo ni franka 500,000 zilizolala kando. Nani kati yetu anazo?

Basi kwa mchimbaji wa Kiambi hesabu ni nyepesi. Mlango wa mashindano ni bei ya jioni moja ya kufurahi, kama kinywaji. Ukiisha kuutoa, uhesabu umekwenda. Ukirudi na kitu, mshukuru Mungu. Kama mlango huo unakuumiza mbele ya kuketi, si mlango wako.

Wale wazee wa Kiambi walikubaliana mambo matatu usiku ule, mbele hatujaondoka. Jumapili watacheza mashindano, mlango mmoja wa franka 1,000, na aliyetoka hanunui tena. Feza yote inarudi kwa wachezaji, hakuna anayekata. Na bamama watajua ni nani ameingia. Kama watayashika, tutauliza tukirudi.

Asubuhi tulishuka kwenye mto. Mashua zinazopanda Luvua kutoka Ankoro zinaishia hapa Kiambi. Mbele kuna maporomoko, na kila nahodha anajua. Yule kijana wa nane mbili alikuja kutuaga, akielekea shimoni na koleo begani. Tulimuuliza franka 4,800 zimefanya nini. Alionyesha nyumbani kwa kidevu. «Niliweka mu mukono ya bibi,» alisema. «Zimebaki elfu makumi nane na tano na mia mbili.»